Silinda Iliyolala: Safari Yangu ya Mandello

Kutoka Lecco kwenda kaskazini, reli imebanwa kati ya mlima na maji. Treni inaingia handakini, giza tupu. Inatoka, na Ziwa Como liko pale pale mkono wa kushoto, limetulia. Kisha giza tena. Mpwa wangu anayesoma uhandisi Milano alikuwa amesinzia kiti cha mbele yangu. Tulikuwa tumeondoka Milano asubuhi na kubadili treni Lecco, kwa sababu ile ya haraka haikuwa yetu. Tulikohitaji kushuka ni kituo kidogo. Mimi usingizi sikuupata. Nimekuwa fundi pikipiki Moshi kwa miaka 22, na kama kuna mji mmoja wa Ulaya niliotamani kuuona kabla sijazeeka, si Roma wala Paris. Ni Mandello del Lario, mahali ambapo pikipiki za Moto Guzzi zimetengenezwa tangu 1921.

Kiu hiyo ilianzia kwa baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na usafiri wake ulikuwa Honda C70, ile ambayo silinda yake haisimami bali imelala, kichwa kimeelekea gurudumu la mbele. Niliwahi kumuuliza, nikiwa bado mtoto wa kushika tochi, kwa nini imelala. Akasema, "Ili ipate upepo." Miaka mingi baadaye, nikiwa na karakana yangu, mteja mmoja aliniachia jarida lililochakaa, na humo nikakuta picha ya Guzzi ya zamani. Silinda yake ilikuwa imelala vilevile, kubwa kama kopo la rangi, na chini ya picha pameandikwa mwaka ambao Honda yenyewe ilikuwa bado haijaanzishwa. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata kuhusu kiwanda hicho.

"Mjomba, amka, tumefika," akaniambia mpwa wangu, ingawa aliyekuwa amelala ni yeye.

Kiwanda hakihitaji kutafutwa. Kimepakana na reli. Majengo marefu, mlima umesimama nyuma yake kama ukuta, na lango jekundu lenye tai aliyekunjua mabawa. Nilisimama mbele ya yule tai kwa muda, maana habari yake ndiyo mwanzo wa yote.

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, vijana watatu walikutana katika kikosi cha ndege cha jeshi la maji la Italia. Carlo Guzzi alikuwa fundi. Giorgio Parodi alikuwa rubani, mtoto wa familia ya wenye meli wa Genova. Giovanni Ravelli alikuwa rubani pia, na kabla ya vita alikwishajipatia jina kwenye mashindano ya pikipiki. Walipatana: vita vikiisha, Guzzi atachora pikipiki, Parodi atatafuta fedha, Ravelli ataikimbiza. Vita vikaisha, lakini mwaka 1919 Ravelli akafa kwenye ajali ya ndege. Wenzake wawili wakaendelea, na kwenye tanki wakaweka tai, alama ya watu wa angani, kwa ajili yake. Miaka zaidi ya 100 imepita, wenye kiwanda wamebadilika mara kadhaa, na tai hajaondolewa.

Fedha zilitoka kwa mzee Emanuele Vittorio Parodi, baba yake Giorgio. Barua yake kwa mwanawe, ya Januari 1919, inajulikana sana. Anasema yuko tayari kutoa lira 1,500 au 2,000 kwa ajili ya jaribio, na kiasi hicho kisizidi hata kidogo. Lakini akiona mchoro ukampendeza, yuko tayari kwenda mbali zaidi bila kikomo. Mimi nimefundisha vijana wengi ufundi, na najua wazazi wachache sana wanaojua kusema hayo mawili kwa pamoja. Kampuni ikaandikishwa Genova tarehe 15 Machi 1921, kiwanda kikawekwa hapa.

Makumbusho yako humo humo kiwandani, ghorofani. Pikipiki zimepangwa safu kwa safu kwa miaka, na kwa fundi ni kama kusoma daftari la mtu mmoja anayefikiri kwa sauti. Ya kwanza kabisa ni ile ya majaribio iliyoitwa GP, yaani Guzzi na Parodi. Ina valvu 4, yaani vilango vya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi, jambo la ajabu kwa wakati ule. Ikaonekana ni ghali mno kuuzwa, na Parodi hakutaka watu wadhani GP ni herufi za jina lake peke yake. Basi ikapunguzwa makuu, valvu zikawa mbili, ikaitwa Normale. Mwaka 1921 zilitengenezwa 17 tu.

Nilichuchumaa kando ya Normale mpaka magoti yakauma. Silinda moja, kipenyo milimita 88, pistoni inasafiri milimita 82, karibu sentimita za ujazo 500. Imelala. Kichwa cha silinda, mahali panapochemka kuliko pote, kinakutana na upepo kabla ya kitu kingine chochote. Uzito wote uko chini, karibu na barabara. Na kwa sababu injini yenyewe haina kimo, fremu inaweza kuwa fupi. Upande wa kushoto, nje kabisa bila kifuniko, kuna flaiwili, gurudumu zito linaloifanya injini izunguke bila kukatika, kubwa kama sahani ya pilau, na wapenzi wa Guzzi huifananisha na ile mashine ya duara ya kukatia nyama buchani. Kuwekwa nje kuliwawezesha kuifanya kubwa na nzito bila kuinenepesha injini, ndiyo maana inazunguka polepole na haizimiki ovyo.

Hatua chache mbele kuna ile ya 1928 inayoitwa Norge. Giuseppe Guzzi, kaka yake Carlo, alitaka gurudumu la nyuma liwe na springi. Siku hizo wengi walikataa, wakisema fremu ya springi itayumba. Yeye akaziweka springi ndani ya sanduku chini ya injini, akapanda, akaenda mpaka Norwe, kupita mzingo wa Aktiki, kwenye barabara za mawe na matope. Akarudi. Sisi tunaopita barabara za vumbi za milimani kila siku hatuhitaji kuelezwa shokapu ina maana gani mgongoni.

Nilimwambia mpwa wangu asiipite haraka hiyo, maana ndiyo iliyoshinda mwaka 1935. Alinitazama kama nimechanganya habari.

Basi nikamsimulia pale pale. Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, mashindano ya pikipiki yaitwayo TT, daraja kubwa la Senior, la injini za sentimita za ujazo 500. Mizunguko 7, kila mmoja kilomita 60 hivi, barabara za kawaida zenye kuta za mawe pande zote. Waingereza walikuwa wamezoea kushinda nyumbani, na pikipiki yao ya Norton ndiyo iliyokuwa ikitamba, fremu zake ngumu bila springi nyuma. Guzzi wakamleta Mwairishi Stanley Woods, akiwa na pikipiki ya silinda mbili, moja wapo imelala mbele kama kawaida yao, na gurudumu la nyuma lina springi. Alikwishashinda daraja dogo la sentimita za ujazo 250 wiki hiyo hiyo. Kwenye Senior, akiingia mzunguko wa mwisho, alikuwa nyuma ya Jimmie Guthrie wa Norton kwa sekunde 26. Mafundi wa Guzzi wakajipanga na vifaa vya petroli kana kwamba atasimama kujaza. Watu wa Norton walipoona hivyo wakampa Guthrie ishara kwamba hana haja ya kujiumiza. Woods hakusimama. Alipita kama mshale. Guthrie, aliyekuwa ameanza mapema zaidi, maana huko huachiwa kwa zamu na kupimwa kwa saa, akamaliza, akapongezwa kama mshindi. Kisha Woods akafika, saa zikasomwa: amemshinda kwa sekunde 4.

"Springi za Norge," akasema mpwa wangu.

"Springi za Norge," nikamjibu, ingawa petroli nayo ilikuwa na hesabu yake.

Miaka miwili baadaye Omobono Tenni akawa Mwitaliano wa kwanza kushinda TT, kwenye daraja la 250, naye ni juu ya Guzzi. Alikufa mwaka 1948 akifanya mazoezi Bern, Uswisi. Nasikitika kumpitia kwa sentensi mbili tu.

Ubingwa wa dunia ulipoanza 1949, Bruno Ruffo akauchukua wa 250 kwa Guzzi, akaurudia 1951, na Enrico Lorenzetti 1952. Lakini kinachonishangaza mpaka leo ni daraja la 350. Kuanzia 1953 hadi 1957 walishinda miaka 5 mfululizo: Fergus Anderson mara mbili, Bill Lomas mara mbili, kisha Keith Campbell wa Australia. Yote hayo kwa silinda moja iliyolala, wakati wapinzani walikuwa na silinda 3 na 4. Injinia wao, Giulio Cesare Carcano, hakushindana kutafuta nguvu. Alipunguza uzito, mpaka pikipiki ya mwisho ikawa chini ya kilo 100. Alipunguza ukubwa wa kinachogongana na upepo. Na upepo hakuukisia: mwaka 1950 Guzzi walikuwa wamejenga hapa hapa handaki la upepo lenye feni kubwa, ambamo pikipiki nzima na mpanda wake wanapimwa, la kwanza duniani kwa kampuni ya pikipiki. Bado lipo, na unapolitazama unaelewa kwamba jibu la baba, "ili ipate upepo," huku lilifanyiwa kazi mpaka mwisho wake.

Huyo huyo Carcano ndiye aliyetengeneza pikipiki ambayo wageni wengi huijia: ile ya silinda 8 ya mwaka 1955, sentimita za ujazo 500, kabureta 8. Kila pistoni ina kipenyo cha milimita 44. Niliposoma kibao nilicheka kwa furaha, maana pistoni ya C70 ya baba ni milimita 47! Ndogo kuliko hiyo, ziko 8, zinazunguka mara 12,000 kwa dakika. Mwendo wake ulifika kama kilomita 275 kwa saa, kwa matairi membamba na breki za ngoma. Kwenye Senior TT ya 1957, Dickie Dale alimaliza wa nne silinda moja ikiwa imekufa. Haikupata ubingwa. Mwisho wa mwaka huo Guzzi, pamoja na viwanda vingine vya Italia, Gilera na Mondial, walitangaza kujitoa kwenye mashindano kwa sababu ya gharama, na ile mashine ikaachwa kabla haijakomaa. Ni nzuri kupita maelezo. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua moja ya kuondoka nayo, nitachukua ile 350 ya silinda moja, na sitajuta.

Ya baada ya hapo niliyapita upesi zaidi. Carlo Guzzi alifariki 1964, kampuni ikaingia kwenye madeni, mwaka 1967 ikakabidhiwa wengine. Iliyoiokoa ni V7, injini nyingine ya Carcano, silinda mbili zimetoka kushoto na kulia kama masikio, zote mbili kwenye upepo, na shafti badala ya cheni. Polisi wa Italia waliipenda, polisi wa Los Angeles nao wakainunua. Mpangilio huo wa silinda ndio wanaoutengeneza mpaka leo. Tangu 2004 mwenye kampuni ni Piaggio, hao hao wa Vespa, ambao leseni yao ndiyo iliyowaanzisha Bajaj wa India kutengeneza skuta. Kwa hiyo hata neno letu bajaji, ukilifuatilia, lina njia ya kufika hapa Italia.

Tulitoka jua likiwa limeshapita kichwani. Karibu na kituo kulikuwa na mkahawa, na nje yake mzee mmoja anafuta Guzzi aina ya Falcone. Nilisimama. Falcone ilitoka 1950, na vipimo vyake navijua: 88 kwa 82. Vile vile vya 1921. Walivishika vipimo hivyo mpaka 1976.

Mpwa wangu akamweleza mzee mimi ni nani. Mzee hakusema mengi. Alifungua petroli, akabonyeza kabureta mpaka ikamlowesha kidole, akarudisha nyuma kishikio cha kuchelewesha cheche kwenye usukani, akaachia kompresheni ili kiki iwe nyepesi, akapiga kiki mara moja. Injini ikaitika. Du. Du. Du. Kati ya mlipuko na mlipuko ungeweza kusema neno. Flaiwili ikizunguka, juu yake unaona mti na anga vikipita.

"Mjomba, anasema weka mkono hapa."

Niliweka kiganja kwenye tanki. Hakukuwa na ule mtetemo wa kuchoma mikono. Ulikuwa mpigo, kama wa ng'ombe aliyelala unapomgusa ubavuni. Kwa mkono mwingine nikarekodi sauti, nikamtumia baba.

Treni ya kurudi ilikuwa bado. Tulikaa kwenye benchi la kituo, ziwa likianza kuingia kivuli, mpaka simu ikalia.

"Mwanangu, hiyo ni mashine ya kusaga ya wapi?"

"Si mashine ya kusaga, baba. Ni pikipiki. Ya zamani, ya Italia. Silinda imelala, kama ya Honda yako."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu akiita.

"Imelala kabisa?"

"Kabisa, baba."

"Hebu nitumie tena," akasema. "Mara hii isogeze karibu na eksozi."

Nikamwacha mpwa wangu na mizigo, nikakimbia kumuwahi mzee kabla hajaondoka.