Siku mapovu yalipopungua Mnemba

Ukiongoza wazamiaji, hesabu si ya vichwa. Unahesabu mapovu. Siku hiyo pale Mnemba, kisiwa kidogo cha Zanzibar, tulikuwa mita 14 chini, wageni wanne nyuma yangu wakimtazama kasa. Niligeuka nikaona mapovu ya watu watatu yanapanda. Ya wa nne hakuna.

Nilimkuta kalala kifudifudi mchangani, kamera mkononi, reguleta, kile kifaa cha kupumulia, imemtoka mdomoni. Nikamtikisa bega: kimya. Wale wengine nikamwachia msaidizi wangu kwa ishara moja ya dole gumba, pandeni.

Reguleta sikuhangaika kuirudisha. Chini kule ni kupoteza muda. Kamera niliiacha ianguke. Nikapita nyuma yake, nikabana tangi lake kwa magoti, mkono wa kulia nikamwinua kidevu, wa kushoto nikashika bomba la kujazia na kutolea hewa jaketi lake la kuelea. Lake, si langu: akiniponyoka, aendelee kupanda mwenyewe. Langu nililitoa hewa.

Mwili wote unataka kupiga mapezi mbio. Nusura niutii. Lakini hewa uliyojaza chini hutanuka kadiri unavyopanda, na tulipofika kama mita 6 tukaanza kufyatuka kama boya. Nikatoa hewa kidogo, tukatulia. Kusimama mita 5 kwa usalama, kama tulivyozoea, hakukuwepo. Asiyepumua hana dakika 3 za kungoja.

Juu nikajaza jaketi lake, nikadondosha vyuma vyake vya risasi vya kumzamisha, nikatuvua miwani sote wawili, nikambana pua na kumpulizia punzi mbili. Kisha punzi moja kila sekunde 5, huku namvuta kuelekea botini. Kusi lilikuwa linavuma, kila nikihesabu tatu wimbi linanijaza mdomo. Tulipojifunza haya kwenye bwawa maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni.

"Mvue tangi kwanza, mwanangu!" nahodha akapiga kelele. Kweli, nilikuwa nimesahau.

Botini tukamwekea oksijeni. Nilipotaka kumpulizia tena akakohoa, povu la rangi ya waridi likamtoka. Tukamlaza ubavu, na hospitali moja kwa moja ingawa alishaanza kuongea, maana aliyeingiwa na maji mapafuni anaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Siku ya tatu alinipigia kutoka wodini, sauti imekwaruza. Anaulizia kamera.

"Ipo kule kule mchangani, kaka," nikamwambia, "labda kasa awe ameichukua."