Studio ya rangi za mafuta umri ukishasogea

Mchoraji wa rangi za mafuta akivuka miaka sitini, mara nyingi macho humsumbua kabla ya mikono. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Turubai, kitambaa kinachopakwa rangi, iko sentimita 60 hadi 80, paleti (ubao wa kuchanganyia rangi) imewekwa pembeni, na kinachochorwa kiko mita mbili mbele. Mwenye lenzi ambayo sehemu ya chini ni ya kusomea hulazimika kuinua kidevu kila anapotaka kuona ncha ya brashi, na haichukui saa shingo inaanza kuuma. Hapo watu husingizia kiti, wakati tatizo ni miwani.

Kaa mahali pako pa kazi, mtu akupimie kwa futikamba kutoka jichoni hadi kwenye turubai, kisha mpelekee mtaalamu wa miwani kipimo hicho na uombe lenzi za umbali huo mmoja tu. Paleti nayo isogeze iwe umbali uleule. Ukitaka kutazama kinachochorwa, tazama juu ya fremu ya miwani. Kama utakiona na ukungu kidogo, usijali. Ukungu huo hufuta mambo madogomadogo na kukuachia maumbo makubwa ya mwanga na kivuli, yaleyale ambayo vijana huambiwa wayatafute kwa kufinya macho.

Lenzi ya jicho lenyewe nayo hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, ikapunguza mwanga wa buluu unaofika ndani. Mtoto wa jicho akiongezeka hapo, rangi huyumba kabisa. Mchoraji Claude Monet aligundulika ana mtoto wa jicho mwaka 1912 na akapasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, na baadhi ya picha alizochora bustanini kwake Giverny katika miaka hiyo zimejaa wekundu na kahawia nzito. Alikuwa akitegemea maandishi ya kwenye tyubu na mpangilio wa rangi aliouzoea. Hilo ni somo la kuchukua mapema, kabla macho hayajaharibika: panga rangi kwenye paleti kwa mfuatano mmoja usiobadilika, na kila tyubu uibandike karatasi nyeupe yenye jina kwa herufi kubwa nyeusi. Picha ikikutia shaka, ipige kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Utaona papo hapo kama kivuli ni kizito inavyostahili. Na aliyetoka kupasuliwa jicho asikimbilie kurekebisha picha za zamani. Kwa muda buluu itamwonekea kali kupita kiasi, na atajikuta anaharibu kazi iliyokuwa sawa.

Mwanga wa studio nao uongezwe, lakini kwa kipimo. Kwenye kasha la taa tafuta namba mbili: joto la rangi kati ya kelvini 4000 na 5000, na CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, ya 90 au zaidi. CRI ikiwa chini ya hapo, nyekundu hufifia na ngozi ya mtu hupata ukijani usioeleweka umetoka wapi. Taa ikae juu, upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, na imulike paleti na turubai kwa pamoja. Kosa la kawaida ni taa kali inayomulika turubai peke yake: unachanganya rangi gizani, unapaka mwangani, halafu picha ikitundikwa sebuleni inaonekana imezama kwenye giza. Kwa upande wa dirisha, walio mbali kaskazini ya ikweta hutaka linalotazama kaskazini, na walio mbali kusini hutaka la kusini, ili jua lisiingie moja kwa moja. Karibu na ikweta jua hubadili upande ndani ya mwaka, kwa hiyo dirisha lolote litahitaji pazia jeupe jepesi.

Mchoraji anapaswa kuiona kazi yake kwa mbali kila baada ya dakika chache. Kijana hurudi kinyumenyume hatua tano bila kufikiri. Mzee akifanya hivyo kwenye chumba chenye waya za taa na zulia lililokunjika, ataanguka. Tundika kioo kikubwa ukutani, mita mbili nyuma ya kiti. Ukigeuka tu utaiona picha kama iko zaidi ya mita nne, tena imegeuzwa kushoto kulia, na makosa ya mchoro yatajitokeza yenyewe. Zulia liondoe. Tone la mafuta likidondoka sakafuni lifute wakati huohuo, maana vigae vyenye mafuta ni hatari kuliko vyenye maji.

Kuhusu mikono, mchoraji Auguste Renoir ndiye mfano unaotajwa sana. Baridi yabisi ilimpinda vidole, na hadi anafariki mwaka 1919 alikuwa akichora kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Watu husema brashi ilifungwa mkononi mwake. Sivyo: vitambaa alivyofungwa mkononi vililinda ngozi ya kiganja tu. Brashi aliwekewa katikati ya vidole na msaidizi. Alikuwa pia na kifaa cha kuzungusha turubai ili sehemu anayoitaka imfikie. Huhitaji kufika huko. Mpini mwembamba ndio unaochosha, kwa kuwa vidole hubana kwa nguvu kuukamata. Uvishe kipande cha sponji ile nyeusi inayovishwa mabomba ya viyoyozi, au uzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli, hadi unene ufike sentimita mbili na nusu au tatu. Kwa mkono unaotetemeka, tumia fimbo ya kuegemeza: urefu wa kama sentimita 90, ncha yake imefungwa donge la kitambaa, unaishika kwa mkono mwingine na kuegemeza kiwiko au kifundo juu yake. Brashi ziwe pana, namba 8 hadi 12, mkono utembee kutoka begani. Kung'ang'ania brashi nyembamba ili kupata unyoya mmojammoja wa ndege, kwa maoni yangu, ni kupoteza muda katika umri huu, na hata picha hainufaiki.

Mbao husumbua mikono kidogo kuliko turubai kwa sababu haibonyei. Plaiwudi nyororo ya milimita 6, ikatwe sentimita 30 kwa 40, ipakwe jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya msingi) tabaka tatu pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu itapinda. Piga msasa laini kati ya tabaka na tabaka, ukiwa umevaa barakoa. Rangi ya mafuta hukaa vizuri juu ya akriliki. Akriliki juu ya mafuta hubanduka, hata uipake kwa uangalifu gani.

Rangi sita zinatosha: nyeupe ya titani, njano ya kadimi, oka ya njano (njano ya udongo), siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), alizarini ya kudumu (nyekundu nzito) na altramarini (buluu). Altramarini na siena iliyochomwa hutoa weusi mzito wenye uhai kuliko weusi wa tyubu. Altramarini na oka hutoa kijani kilichofifia. Rangi chache maana yake ni vifuniko vichache vya kufungua, na anayeumwa vidole anajua thamani ya hilo. Kwa ubao wa ukubwa niliotaja, toa kila rangi kiasi cha haragwe, nyeupe mara tatu yake. Kifuniko kikigoma, kichovye kwenye maji ya moto dakika moja au mbili. Ukikilazimisha, shingo ya tyubu itachanika na rangi yote itaharibika. Hugoma kwa sababu rangi ilibaki kwenye nyuzi za kifuniko, basi zifute kabla ya kufunga.

Sasa, cha kuchora. Safari za kubeba kiegemeo cha turubai kwenda mlimani zikipungua, wengi hudhani mada nazo zimekwisha. Giorgio Morandi, aliyefariki mwaka 1964, alichora chupa, vikopo na vyungu vilevile kwa miongo mingi nyumbani kwake Bologna, na baadhi ya chupa alizipaka rangi kwanza ili ziache kung'aa. Ujanja huo unafaa sana kwa macho yaliyochoka: chupa iliyopakwa rangi isiyo na mng'ao huonyesha umbo lake waziwazi, bila vimulimuli vya kukukanganya.

Chukua kikombe cheupe, kiweke juu ya meza ya mbao kando ya dirisha. Upande unaopata mwanga wa anga utakuwa na ubaridi, wa kijivu kinachoelekea buluu. Upande wa kivuli utapokea wekundu wa mbao, utapata joto, na karibu na kitako joto hilo huzidi. Kivuli kinachoanguka mezani kina ukingo mkali pale kinapoanzia, kisha ukingo hulainika kadiri kinavyokwenda mbali. Nyeupe safi kutoka kwenye tyubu iweke sehemu moja tu, kwenye mng'ao mdogo wa mdomo wa kikombe. Ukiitumia upande wote wa mwanga hutabakiwa na kitu cha kuupita, na kikombe kitaonekana kama karatasi iliyokatwa. Ukihamisha kikombe kutoka kwenye mbao na kukiweka juu ya kitambaa cha buluu, karibu rangi zote za kivuli hubadilika, na hapo una picha nyingine.

Mwanga wa dirishani hukaa jinsi ulivyo dakika ishirini au thelathini tu. Chora mipaka ya vivuli vyote katika dakika kumi za mwanzo na usiiguse tena. Anayekimbizana na kivuli mwisho wake huwa na picha yenye majua mawili. Siku inayofuata rudi saa ileile. Vitu viache mezani wiki nzima, meza ikiwa na kimo kisichokulazimu kuinama, na kila kitako ukizungushie penseli kwenye kitambaa, maana anayefagia chumba hatakosa kusogeza kitu. Ukichora maua, anza na linalofunguka haraka. Kitunguu kilichosahaulika kikaota hakina haraka hiyo, na ngozi yake ina siena, alizarini na oka kwa pamoja.

Ni vizuri kuwa na picha tatu au nne zinazoendelea. Mafuta ya kitani, yaliyomo ndani ya rangi hizi, hayakauki kwa kuvukiza kama maji. Huvuta oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu. Tabaka jembamba la kahawia ya amba hushikika baada ya siku moja hadi tatu, nyeupe ya titani huhitaji karibu wiki, na alizarini zaidi ya hapo. Ukiweka inayokauka haraka juu ya inayochelewa, ya juu hupasuka. Kwa sababu hiyohiyo tabaka za mwanzo ziwe na mafuta kidogo na za mwisho ziwe na mafuta zaidi. Sehemu za giza zikifubaa baada ya kukauka, mafuta yamefyonzwa na tabaka la chini. Subiri zikauke kabisa, paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, kisha uyafute karibu yote. Yakiachwa mengi hunata na baadaye hugeuka njano.

Palma Giovane, aliyemalizia picha ya mwisho ya mchoraji Titian, alisimulia kwamba mzee huyo alizigeuza picha ukutani kwa miezi kabla ya kuzirudia, na mwishoni alichora kwa vidole kuliko kwa brashi. Mapumziko hayo ni mazuri, ila kuzigeuza ukutani kuna kasoro: mafuta ya kitani yakikaa gizani huwa njano. Ikishatokea, weupe haujaharibika. Iache picha kwenye mwanga wa mchana, bila jua la moja kwa moja, kwa siku kadhaa na njano itapungua sana.

Tapentaini naona haifai kwenye chumba cha mzee. Ile isiyo na harufu nayo huvukiza vilevile, tofauti ni kwamba pua haikuonyi. Brashi zifute kwa karatasi, zichovye kwenye mafuta ya alizeti, zifute tena, kisha sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu hadi povu litoke jeupe. Zilaze zikauke, zisisimame, ili maji yasishuke kwenye gundi ya mpini. Matambara yenye mafuta ya kitani ni hatari ya kweli: yanapokauka hutoa joto, na yakirundikwa pamoja joto hilo hukosa pa kutokea hadi yanawaka yenyewe, bila kiberiti. Yatie kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko, au yaanike nje moja moja yakiwa yamekunjuliwa.

Nyuma ya kila picha andika kwa penseli tarehe, jina la picha, aina ya jeso, rangi na mafuta uliyotumia. Siku picha itakapohitaji kusafishwa, huenda wewe usiwepo kuulizwa. Vanishi isubiri miezi sita hadi kumi na miwili, na zaidi ya hapo rangi ikiwa nene. Kabla ya kuipaka, lowesha pamba kidogo kwa spiriti ya kuyeyushia rangi na uipitishe polepole pembeni, mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, irudishe picha ukutani uendelee kusubiri.