Vitundu, umande na praima: bawa la faibaglasi hapa Mombasa

Kwenye bawa la ndege la faibaglasi lenye povu gumu ndani, mtindo wa Long-EZ, ndege ndogo ya kujijengea iliyobuniwa na Burt Rutan, praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, haizibi vitundu vidogo vya usoni. Huvifunika tu ikiwa mbichi. Thina ikishapaa, vinarudi vyote. Ndiyo maana kazi yangu kubwa ilikuwa kabla sijashika bunduki ya rangi.

Nilianza na maji. Epoksi, gundi inayoshikanisha faibaglasi, ikikauka katika unyevu wetu wa Pwani hutoa utando unaoteleza kama nta, nao ukipigwa msasa hujaza karatasi na kupakazwa bawa zima. Niliuosha kwa maji vuguvugu na sifongo ngumu ya kijani. Maji ya kisima sikuyagusa: mengi hapa yana chumvi, na chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, rangi ikafura malengelenge.

Puti nilichanganya mwenyewe, epoksi na unga wa maikrobaluni (vitufe vidogo mno vyenye uwazi ndani), mpaka ukipindua kikombe haimwagiki. Halafu ubao ulionyooka wa sentimita 80 wenye msasa namba 40, nikisugua mshazari. Nyuzi za faibaglasi zikianza kuonekana, simama hapo hapo, kwa kuwa ndizo zinazobeba bawa. Palipobonyea ongeza puti, usipunguze pembeni.

Vitundu nilivijaza kwa epoksi tupu, nikiikwangua kwa kadi ya plastiki, tabaka nne nyembamba mno, kila moja ikifuata ile iliyotangulia ingali inanata kidoleni. Hapa saa ndiyo kila kitu. Mara ya kwanza nilipaka saa tatu asubuhi. Banda likapata joto, hewa iliyo ndani ya puti ikatanuka, kila kitundu kikatoa kipovu chake. Nikahamia saa kumi na moja jioni, joto linaposhuka: hewa husinyaa, epoksi ikavutwa ndani. Asubuhi niliosha utando tena, nikapiga msasa 120, kisha 220. Ukaguzi niliufanya usiku, tochi imelazwa juu ya bawa. Kwa mwanga wa ubavuni, hata kitundu cha ncha ya sindano huonekana kwa kivuli chake.

Praima yenyewe inataka asubuhi. Bawa liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutunga. Alfajiri ya nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 90, umande hutunga kwenye 25 hivi; ngoja. Ikifika saa nne, nyuzi 31 na asilimia 65, umande umeshuka hadi 24. Bawa likishapata joto la banda, puliza. Kwanza fungua koki ya chini ya tangi la kompresa, maji yaishe. Tumia thina inayokauka polepole, maana ile ya haraka hukaukia hewani na rangi ikatua kama vumbi.

Praima yangu ina kaboni nyeusi ya kuzuia miale ya urujuanimno isile epoksi. Likiwa jeusi hivyo, bawa lisitolewe juani mpaka lipakwe nyeupe, kwa sababu joto hulegeza epoksi na povu. Eleroni, vibao vya nyuma ya bawa vinavyoinamisha ndege upande, nilizipima uwiano upya baada ya rangi: gramu chache tu zikizidi nyuma ya bawaba, zinaweza kuanza kupigapiga hewani.