Jumatano ya mkimbiaji wa nyuma: siku moja maishani mwangu

Saa 11:00 alfajiri

Bibi hupiga simu kabla kengele yangu haijalia. Hapa nilipo, mashariki mwa Marekani, bado kuna giza la Oktoba. Kwake Tanga ni saa sita mchana na wali umekwisha kuiva.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Haya, Jumapili umekimbia wari ngapi?"

Neno wari, yaani yadi, analo tangu enzi za kupimiwa vitambaa dukani, na mama alipomweleza kwamba mchezo wangu hupimwa kwa kipimo hichohicho, alilipokea jambo hilo kwa furaha na hajaliacha mpaka leo. Nikamjibu ukweli: sikukimbia hata wari moja, kwa kuwa sikuwamo katika orodha ya waliovaa jezi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Sasa, mjukuu wangu, wanakulipa kwa kazi gani?"

Hakuwa ananisuta. Aliuliza kwa sababu anataka kujua, na binamu zangu wameniuliza hivyohivyo mara nyingi, wakidhani kwamba mtu wa kazi yangu hucheza Jumapili na kupumzika siku sita. Kwa hiyo nimeamua kuiandika Jumatano hii yote, saa kwa saa, ili mama amsomee bibi na wengine wajisomee wenyewe.

Mimi ni mkimbiaji wa nyuma katika futiboli ya Kimarekani, yaani yule anayesimama karibu na kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akakabidhiwa mpira na kuupenyeza katikati ya miili mikubwa kuliko wake. Huu ni mwaka wangu wa pili katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu. Timu huwa na wachezaji 53 katika kikosi kikuu, na pembeni yao kuna kikosi cha mazoezi chenye watu wapatao 16. Mimi ni mmoja wa hao 16. Katika msimu huu wa 2025, mchezaji mchanga wa kikosi cha mazoezi hulipwa dola 13,000 kwa wiki. Fedha hizo ni nyingi na sitaki kuzifanya ndogo, lakini hulipwa wiki kwa wiki, katika wiki 18 za msimu, na Jumanne yoyote naweza kuambiwa nirudishe kishikwambi chenye mbinu za timu na kuondoa vitu vyangu kabatini. Jana ilikuwa Jumanne, na simu haikuja.

Saa 12:00 asubuhi

Kitu cha kwanza ninachofanya kiwanjani ni kupanda kwenye mizani. Leo nina kilo 97. Baada ya hapo natoa mkojo kidogo katika kikombe, upimwe kama mwili una maji ya kutosha, kwa sababu msuli uliokauka ndio unaochanika. Kisha nalala kitandani kwa mtaalamu wa viungo, naye hulikunja na kulikunjua goti langu la kulia, lile nililoumia chuoni, akilisikiliza kwa vidole vyake kama fundi anayesikiliza injini. Mwisho vifundo vyote viwili vya miguu hufungwa bandeji ngumu, tabaka juu ya tabaka.

Nusu saa hii naiheshimu kuliko saa nyingine yoyote. Chama cha wachezaji kimesema kwa miaka mingi kwamba wastani wa maisha ya kazi ya mkimbiaji wa nyuma haufiki miaka mitatu, na ni mfupi kuliko wa nafasi nyingine karibu zote. Sababu yake inaeleweka: sisi hugongwa karibu kila tunaposhika mpira, na mara nyingi hugongwa na zaidi ya mtu mmoja, kutoka pande ambazo hatuzioni. Hata hivyo yupo Frank Gore, aliyechanika mishipa ya magoti yote mawili akiwa bado chuoni Miami, kisha akacheza misimu 16, kuanzia 2005 hadi 2020, na kuondoka na yadi 16,000 kamili. Ni wawili tu katika historia ya ligi waliokimbia zaidi yake. Kila ninapolala kitandani hapa humkumbuka yeye, wala sioni kuwa ni bahati iliyomfikisha pale. Naamini ni asubuhi kama hizi, elfu kwa elfu.

Saa 1:30 asubuhi

Kikao cha kwanza ni cha timu maalumu, kile kikundi kinachoingia uwanjani wakati wa mipira ya kupigwa kwa mguu. Mtazamaji mgeni huenda akadhani kwamba hapa si mahali pa mkimbiaji, lakini mkimbiaji asiye nyota hupata nafasi yake ya kwanza hapahapa. Tangu 2024 kanuni ya mpira wa kuanzisha imebadilika: badala ya watu kukimbiana kutoka mbali na kugongana kwa kasi kubwa, pande mbili husimama karibu, umbali wa yadi tano hivi, na haziruhusiwi kuondoka mpaka mpira uguse ardhi au mchezaji katika eneo la kupokelea. Tangu hapo mipira mingi zaidi hurudishwa kwa mbio, na timu zinatafuta watu wanaojua kuona upenyo mdogo. Kuona upenyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

Ukutani mwa chumba changu nimebandika karatasi iliyoandikwa "Tokyo, 1995." Mwaka huo mkimbiaji Terrell Davis alichaguliwa na timu ya Denver katika raundi ya sita ya uteuzi wa wachezaji wapya, mtu wa 196, na katika mchezo wa maandalizi uliochezwa Tokyo alitumwa kukimbiza mpira wa kuanzisha, akamwangusha mrudishaji kwa kishindo kilichowafanya makocha waulize yule ni nani. Miaka mitatu baadaye alikimbia yadi 2,008 katika msimu mmoja. Mwaka 1999 goti lake likaharibika, na kazi yake yote haikuzidi michezo 78 ya msimu wa kawaida. Hata hivyo, mwaka 2017 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huu. Mlango wake ulifunguka kwa kumwangusha mtu, kabla hajakimbia yadi moja ya maana.

Saa 3:00 asubuhi

Baada ya kikao kirefu cha timu nzima ya mashambulizi, wakimbiaji tunaingia katika chumba chetu kidogo, watu watano na kocha. Hapa, bibi, ndipo lilipo jibu la swali lako.

Safu ya mbele inayomkinga kwotabeki ina watu watano. Wapinzani wakiamua kumtuma mtu wa sita kumvamia, huyo wa sita ni wangu. Kabla mpira haujatoka, kwotabeki humnyoshea kidole lainibeka mmoja, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya wapinzani, na kumwita Mike. Hilo si jina la mtu, bali ni alama ya kuhesabia: kutoka kwake safu ya mbele inajua igeukie upande gani, nami najua ni nani aliyebaki bila wa kumzuia. Natazama kutoka ndani kwenda nje, kwa kuwa anayepita katikati ndiye mwenye njia fupi zaidi. Nikimwona akija, simsubiri. Napiga hatua kumwendea, nainamisha nyonga, naweka mikono kifuani pake na kupokea uzito wake kabla hajapata mwendo kamili. Asipokuja mtu, nateleza nje na kuwa mpokeaji. Uamuzi wote huo huchukua muda mfupi kuliko kusema bismillahi.

Lainibeka huwa mzito kuliko mimi kwa kilo kumi au zaidi, naye huja akiwa amechukua mbio, ilhali mimi naanza nikiwa nimesimama. Nikikosea hesabu, kwotabeki, mtu ambaye timu imeweka kwake mamilioni ya dola, hugongwa akiwa anatazama upande mwingine, na anaweza kukosa msimu mzima. Ndiyo maana kocha wetu husema wazi kwamba kijana akimbiaye vizuri lakini asiyejua nani ni wake hatapewa nafasi katika jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi kumi, pale inapohitaji kurusha mpira. Wapo wakimbiaji wengi wenye miguu mizuri. Wanaoaminiwa kumkinga mwenzao ni wachache, nami nimeamua kuwa miongoni mwa hao.

Leo kocha aliusimamisha mkanda wa video mara saba na kuuliza, "Nani ni wako?" Nilijibu mara sita sawasawa. Mara ya saba nilimtaja mtu wa nje ilhali hatari ilikuwa ndani, na nimeliandika kosa hilo kwa kalamu nyekundu.

Saa 5:30 asubuhi

Tunatembea polepole uwanjani bila helmeti, tukipitia mipango ya Jumapili, kisha tunakula. Mezani mazungumzo yalikuwa ya mikataba. Mwezi Julai 2023 wakimbiaji mashuhuri walikutana kwa njia ya video kujadili kwa nini nafasi yetu ililipwa kidogo kuliko nyingine, na majira ya kuchipua ya 2024 mkimbiaji Saquon Barkley akahamia Philadelphia kutoka timu ya Giants, akakimbia yadi 2,005 katika msimu huo wa kawaida na kutwaa ubingwa. Mzee wetu wa chumba, mwenye miaka 29, alisikiliza bila kusema neno huku akilisugua bega lake. Kwa mkimbiaji, miaka 29 ni uzee.

Saa 7:00 mchana

Mazoezi yenyewe. Leo tumevaa kinga zote, jambo linaloruhusiwa mara 14 tu katika msimu wa kawaida, na juu ya helmeti kuna kifuniko laini ambacho tangu 2023 ni lazima kwa wakimbiaji katika mazoezi ya kugongana.

Sehemu kubwa ya mazoezi haya mimi si mimi. Mtu wa kikosi cha mazoezi huvaa nafsi ya mpinzani: kocha msaidizi huinua kadi iliyochorwa mistari, nasi tunaicheza mbinu ya timu tutakayokutana nayo, ili walinzi wetu wajifunze kuizuia. Mkimbiaji wa wapinzani wetu wa wiki hii ni mtu wa subira, wa mtindo ule ambao Le'Veon Bell aliupatia sifa alipokuwa Pittsburgh: hupokea mpira, karibu asimame, husubiri ukuta ufunguke, kisha huondoka kwa ghafla. Usiku wa Jumatatu nilitazama mbio zake nyingi mpaka nikajua ni mguu upi hutangulia kabla hajakata kona. Nikimwigiza vibaya, walinzi wetu watakuwa wamefundishwa uongo, na Jumapili watalipia. Alasiri hii mlinzi wetu mkongwe, aliyekuwa amenikosa mara mbili mfululizo, aliniinua kutoka chini akasema, "Ndivyo anavyofanya hasa." Nilifurahi kama niliyefunga.

Kisha likaja zoezi la wakimbiaji dhidi ya lainibeka, mmoja kwa mmoja, huku timu nzima imesimama kandokando. Nilipata zamu tano. Nne niliwazuia, katika moja kati ya hizo mgongano ulikuwa mzito hata nikausikia kwenye meno. Zamu ya tano niliinamisha kichwa, macho yakaondoka kifuani pake, naye akanipita upande wa ndani akamgusa kwotabeki begani. Ungekuwa mchezo wa kweli, kwotabeki angekuwa ameanguka.

Saa 10:00 jioni

Mizani tena: nimepoteza kilo mbili, ambazo lazima zirudi kwa maji na chumvi kabla ya kulala. Dakika kumi katika beseni la barafu, hadi kifuani. Baadaye tunatazama video ya mazoezi yetu wenyewe. Kocha alipofika kwenye zamu yangu ya tano hakufoka. Aliirudisha taratibu, akaonyesha mahali macho yangu yalipoondoka. Kisha, wengine wakikusanya madaftari, akaniambia kwamba mkimbiaji wetu wa pili hakumaliza mazoezi kwa sababu ya msuli wa paja, na kwamba kesho, siku ya kuandaa jaribio la tatu, nitasimama na kikosi cha kwanza.

Hilo si ahadi. Mtu wa kikosi cha mazoezi anaweza kupandishwa kwa ajili ya mchezo mara tatu tu katika msimu kabla timu haijalazimika kumsajili rasmi, na uamuzi wa Jumapili hufanywa Jumamosi. Lakini hakunitaja kwa sababu ya mbio zangu.

Saa 2:00 usiku

Mdogo wangu, anayesomea uuguzi katika chuo cha hapa mjini na kuishi nami, amepika maharage ya nazi na samaki. Baada ya kula anachukua kadi zangu za mbinu, anaketi sakafuni na kuniuliza kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo ndani yake siwezi kujibu kwa mazoea bila kufikiri: "Watu wawili wamesogea kushoto, mmoja amerudi nyuma. Nani ni wako?" Namjibu. Ananitazama, anaigeuza kadi, anasema, "Kweli." Tunafanya hivyo kwa kadi 40. Nikikosea, kadi hurudi chini ya rundo nasi huianza upya.

Saa 3:30 usiku

Goti limefungwa barafu, chupa ya maji iko kando ya kitanda. Nimeitazama ile zamu ya tano mara nyingine sita kwenye kishikwambi, mpaka nikaiona ile nusu ya sekunde ambayo macho yalishuka. Bibi atapiga simu alfajiri na kuuliza ni wari ngapi. Nitamwambia kwamba leo nimehesabu watu: wanne niliwazuia, mmoja alinipita, na kesho nina zamu naye tena.