Kaka yangu hakunywa gongo

Kaka yangu ni Msabato wa kuzaliwa. Pombe hajawahi kuionja, na pale mwaloni, ufukwe wa wavuvi kwetu Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, hakuna asiyelijua hilo. Lakini mwaka 2013, tumbo lake lilipoanza kutokeza huku mikono na mashavu yakikonda, maneno yakaanza. Wapo waliosema anakunywa gongo kwa kujificha, na wapo waliosema ana ule ugonjwa mwingine. Baba mdogo alifunga safari kutoka kijiji cha pili kuja kumsihi aache pombe. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Baba, ningekuwa nakunywa ningekwambia." Mama yeye alishaamua kwamba kuna mkono wa mtu.

Yaliniuma sana maneno yale, na mpaka leo nikiyakumbuka yananiuma. Mgonjwa wa ini kwetu ana kesi ya kujibu kabla hajapata hata panadoli.

Usiku ule ilikuwa giza, msimu wa dagaa umekolea. Wenzake walimrudisha ufukweni mapema, karabai bado zinawaka. Shemeji akanipigia simu huku analia. Nilipofika nilimkuta kaka kaegemea ukuta, midomo imepauka, na pembeni yake beseni la kuogea watoto likiwa na damu. Ilikuwa damu nyingi, nyeusi, yenye mabonge, na alisema hana maumivu yoyote. Aliniangalia akaniambia, "Mdogo wangu, waambie vijana warudishe nyavu za watu kabla hakujapambazuka." Kisha akatapika tena.

Hospitali ya wilaya walimwongezea damu na kutuandikia rufaa ya Mwanza. Ile meli ya kutoka Nansio huchukua kama saa tatu. Tulimlaza kwenye mkeka katikati ya magunia ya dagaa, mama kamshika kichwa, mimi namwangalia kifua kama kinapanda na kushuka. Sikumbuki kama tulizungumza.

Mwanza maswali yalikuwa yale yale. Kila aliyeingia zamu aliuliza, "Mzee, huwa unakunywa kiasi gani?" Kaka alikuwa anafumba macho tu, mimi ndiye nikawa najibu. Walimpima homa ya ini B na C, akaonekana hana. Walimpima virusi vya UKIMWI, hana. Sisi ndugu tukaambiwa twende kuchangia damu, nami nilitoa.

Halafu akaja daktari mmoja kijana, msemaji wa taratibu. Alimfunua kaka shati, na kabla hajamgusa akaziona chale. Zilikuwa upande wa kushoto chini ya mbavu, mistari midogo ya zamani iliyopangwa vizuri, ile ambayo sote tulikua tukiiona wala hatukuiwazia.

"Hizi nani alikuchanja?"

"Bibi. Nilikuwa mtoto. Bandama ilikuwa imevimba."

Daktari akaanza kubonyeza polepole kutoka chini ya tumbo kupanda juu. Bandama aliikutia karibu na kitovu. Akasema malaria nayo huvimbisha bandama ya mtoto, hivyo hawezi kuapa kilichoivimbisha miaka ile, ila ya leo anataka kujua. Akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Unafanya kazi gani?"

"Mvuvi. Dagaa."

"Unaoga wapi?"

"Ziwani."

"Saa ngapi?"

"Tukishaanika dagaa na kuosha nyavu. Saa sita, saa saba."

"Ndiyo saa yao," daktari akasema.

Akavuta kiti akaketi, akatueleza. Kichocho cha tumbo. Konokono wadogo wanaokaa kwenye matete ya ufukweni hutoa vijidudu majini jua linapowaka, na mchana ndipo huwa vingi. Vijidudu hivyo hupenya ngozi kwa dakika chache bila mtu kuhisi kitu cha maana. Mwilini hukua vikawa minyoo, dume na jike wakakaa pamoja miaka kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Sehemu ya mayai hutoka na choo, na pale mtu anapojisaidia karibu na ziwa yanarudi kwa konokono. Yanayobaki husombwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama humo, na mwili unayazungushia makovu. Kovu juu ya kovu, tangu utotoni. Minyoo hii haizaliani ndani ya mtu, alisema. Kila mnyoo uliomo mwilini uliingia kutoka majini.

Mama akauliza, kama shida iko kwenye ini, ile damu imetoka wapi?

"Mama, umeshaona mtaro ulioziba siku ya mvua? Maji yanatafuta uani kwa watu." Damu yote ya utumbo na bandama hupita kwenye ini kwa mshipa mmoja mkubwa. Makovu yakiubana, bandama inavimba na damu inajitafutia njia kwenye vimishipa vidogo vya koo la chakula, ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo huo. Siku moja kimoja kinapasuka.

Altrasaundi ilionyesha kuta nene nyeupe kuzunguka matawi ya mshipa ule, na kamera iliyoshushwa kooni ikaikuta mishipa iliyovimba. Waliichoma dawa ya kuikausha. Kwa dawa ya minyoo yenyewe, prazikwanteli, alipewa vidonge 4 kwa uzito wake wa kilo 60. Daktari hakumficha: vidonge vinaua minyoo, lakini makovu yaliyokwisha kukomaa huenda yasiondoke. Habari njema ilikuwa kwamba nyama ya ini lake bado inafanya kazi vizuri, tofauti na ini lililoharibiwa na pombe. Aliposema hivyo mama alianza kulia, na sidhani kama ni kwa huzuni.

Vile vidonge nilivijua kwa sura. Ni vikubwa, vyeupe, vichungu, nami nilikuwa nimevigawa kwa mikono yangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na shuleni kwetu siku ya dawa za kichocho tulikuwa tunapika uji kwanza, maana ukivimeza na njaa vinasumbua tumbo. Kisha mtoto anasimama kwenye fito iliyochorwa alama, urefu wake unatuambia ameze vingapi. Watoto wa kaka walipita kwenye fito ile. Baba yao, aliyekuwa anashinda kwenye maji kuliko wao wote, hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Mpango ulikuwa wa wanafunzi. Sababu zake nazifahamu: watoto ndio hubeba minyoo mingi zaidi, na shuleni wanapatikana kwa pamoja. Lakini mvuvi naye yupo mwaloni kila siku, anajulikana alipo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba panapokuwa na maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa ipewe watu wote kuanzia miaka 2, watu wazima wakiwemo. Niliposoma habari hiyo nilimpigia kaka simu hapo hapo.

Yuko hai. Anameza propranolo kila siku ya kushusha shinikizo kwenye ile mishipa, na hurudi Mwanza kuangaliwa kwa kamera. Kuvua ameacha, anashona nyavu nchi kavu, na nyumbani kwake maji ya kuoga hutoka kisimani.

Tuliporudi kutoka hospitali ile mara ya kwanza, baba mdogo alikuja tena. Safari hii alimletea kaka samaki na maziwa, akakaa naye mpaka jioni. Kaka hakumkumbusha chochote. Alimwonyesha chale zake, akamweleza habari ya konokono jinsi alivyoelezwa, kisha akamwuliza, "Na wewe baba, choo chako umewahi kupimwa?" Wiki ile ile baba mdogo alikwenda zahanati na wavuvi wenzake kadhaa, kila mmoja na kikopo chake. Majibu ya wengi wao, baba mdogo akiwemo, yalikuja na mayai ya kichocho, na wote walipewa vidonge.