Maji haya yanakwenda wapi, na huko ni saa ngapi?

Juni 2024, shule zilipofunga, nilimpeleka mama yangu Kamembe, Rwanda, kumwona kaka yake. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na tisa. Mjomba aliondoka Kigoma akiwa kijana, akafuata kazi ya gereji Bujumbura, baadaye akaoa upande wa Rwanda na huko ndiko alikozeekea. Sasa goti limemgomea, hawezi kukaa kwenye gari muda mrefu, ikabidi sisi ndio twende.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kahama. Longitudo, mito na mipaka ya nchi ndiyo kazi yangu ya kila siku. Lakini usiku ule mama alipokaa kwenye mkeka na kuanza kuuliza, niliona kwamba maswali ya msafiri yana uzito wake. Huko ni saa ngapi? Hela yao kwa yetu inakuwaje? Tukisema Kiswahili watatuelewa? Na kwa nini tuzungukie Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, wakati Kamembe iko hapo tu juu ya Bujumbura? Nikachukua daftari nikaandika yote, moja moja, na kuanzia siku hiyo sikusafiri tena bila daftari la namna hiyo.

Kwa swali la njia, mama alikuwa na haki. Ukitazama ramani, unatoka Kigoma, unapanda kandokando ya Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura, unafuata bonde la mto Rusizi, umefika. Ila Januari mwaka huo Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Ramani ya ukutani haina habari hiyo. Aliyeniambia kwa uhakika ni dereva wa semitrela niliyemkuta stendi akinywa chai, mmoja wa wale wanaotoa mizigo bandari ya Dar es Salaam kupeleka Kigali. Nilimwendea na daftari langu, akanijibu maswali nusu saa nzima, na mengi aliyonieleza sikuyakuta kokote kwingine. Tangu hapo nikishapanga safari naanzia kwa madereva, ramani inafuata.

Karatasi zetu hazikuwa na shida kubwa. Sisi wa Afrika Mashariki hatuombi viza kuingia Rwanda, pasipoti inatosha. Kilichotaka kunisumbua ni kadi ya mama ya homa ya manjano. Alichanjwa mwaka 2009, na kadi ilikuwa imeandikwa kuwa mwisho wake ni 2019. Nikaanza kumtafutia chanjo nyingine, mpaka muuguzi wa kituo cha afya akanieleza kuwa tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha utaratibu: kadi moja inatumika maisha yote ya mtu, hata kama ile ya zamani imeandikwa miaka kumi. Mama akaifunga kwenye leso pamoja na pasipoti, akaiweka kifuani.

Kutoka Kahama tulipita Masumbwe, Runzewe, Nyakanazi, Lusahunga, Benaco, kisha Rusumo. Njia nzima tunapishana na malori. Rusumo barabara inateremka kwa kona mpaka mtoni, na kabla hujaona maporomoko unayasikia. Pale mto Ruvubu unaotoka Burundi umeshaungana na ule unaotoka Rwanda, na maji yote yanajibana chini ya daraja yakiwa na rangi ya udongo. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, kwa hiyo ukaguzi wa nchi zote mbili unafanyika sehemu moja. Mama alitaka kusimama kidogo. Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni waliokuwa wakikimbia Rwanda walivuka hapa kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja hivi. Yeye wakati ule alikuwa Kigoma, wakimbizi wa upande wao aliwaona kwa macho yake. Alisimama akiyatazama maji, midomo ikimcheza kwa dua, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, maji haya yanakwenda wapi?"

Nikamwambia: huu ndio Kagera, unapanda kaskazini, unaingia Ziwa Victoria, unatokea Jinja kule Uganda kama Nile, na mwisho wake ni Misri, baharini. Akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo haya hayaji kwetu." Nikamjibu kuwa ya kwetu tutayakuta mbele.

Tulipokuwa kwenye foleni nilitoa simu kuangalia saa. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Dakika chache baadaye nikaitazama tena, ikasema saa sita na dakika thelathini na nne. Halafu ikarudi saa saba. Minara ya nchi mbili imekaribiana, simu inashika huu, inaachia, inashika ule, na kila mnara una saa yake. Kijana mmoja mbele yangu alikuwa akibishana na konda kuhusu muda wa kuondoka, na wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa mnara wake. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima saa ya kujirekebisha yenyewe, nikaweka ya Rwanda kwa mkono. Hilo lilinisaidia siku zote tulizokaa kule, likanigharimu siku ya kurudi.

Mama nilimwambia arudishe saa yake ya mkononi nyuma kwa saa moja. Akakataa. "Hii ni saa ya nyumbani, iache." Nikaiacha.

Hili la saa nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo watu wengi wanalouliza. Tanzania, Kenya na Uganda tunafuata saa za Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya Greenwich. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako saa mbili mbele. Kwa hiyo ukivuka Rusumo kwenda Rwanda unapata saa moja ya ziada, na ukirudi unailipa. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Mstari wa nyuzi 45 Mashariki, ambao ndio saa yetu imejengwa juu yake, unapita baharini, mbali hata na Dar es Salaam. Wa nyuzi 30, unaobeba saa ya Rwanda, unapita jirani kabisa na Kigali. Ndiyo maana Kigoma mwezi wa Juni unafika saa moja asubuhi jua ndio kwanza linachungulia, na mama asubuhi ya kwanza kule Kamembe aliniamsha kunionyesha: jua limechomoza saa kumi na mbili na dakika chache, kama wanavyosoma watoto shuleni. Na uzuri ni kwamba Wanyarwanda nao huhesabu saa kama sisi. Mtu akikwambia saa moja asubuhi anamaanisha ile ile tunayoiita saa moja, tofauti ni ya nchi tu.

Baada ya daraja gari linahamia kulia. Abiria wa kiti cha mbele unaliona lori likija upande ambao umezoea liwe lako, na tumbo linakaza. Kinachotaka uangalifu zaidi ni kuvuka barabara kwa miguu. Mama nilimshika mkono kila mahali, nikawa namwambia atazame kushoto kwanza.

Fedha haikuwa ngumu. Wakati ule faranga moja ya Rwanda ilikuwa kama shilingi mbili zetu, kwa hiyo kila bei uliyotajiwa unaizidisha mara mbili na unajua kama ni ghali. Mama alilishika hesabu hilo haraka kuliko mimi. Nilibadilisha kidogo tu mpakani, ya kufikia Kigali na kulala, nyingine nikabadilisha dukani mjini.

Kiswahili? Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, lakini sheria ni jambo moja na stendi ni jambo jingine. Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, tulisema Kiswahili tu tukahudumiwa vizuri. Muuza tiketi alikijua, mama lishe alikijua. Vijana wadogo wengi walituelewa nusu, wakamwita mwenzao. Kadiri tulivyokwenda magharibi ndivyo kilivyozidi kuwa kingi, na Kamembe kabisa kilikuwa na ladha ya Kongo. "Aksanti mama, mutakula nini?" Mama alifurahi sana, akasema huku kama Ujiji siku ya soko.

Kutoka Kigali kwenda Kamembe tulipanda koasta ya asubuhi, kupitia Huye na Nyamagabe. Baada ya hapo barabara inaingia msitu wa Nyungwe. Sina maneno ya kutosha juu ya msitu huu. Ni milima iliyofunikwa miti mpaka kileleni, ukungu umelala mabondeni, na baridi ambayo watu wa Kahama hatuijui. Septemba 2023 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mbega walikuwa wamekaa kando ya lami, mikia inaning'inia, gari linapita na wao hawajishughulishi.

Miaka yote nilikuwa nikichora ubaoni mstari wa vitone katikati ya Rwanda na kuandika juu yake "mgawanyiko wa maji wa Kongo na Nile". Watoto wanaunakili, wanaufaulu kwenye mtihani, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuukanyaga. Sasa nilikuwa juu yake. Vijito tulivyoviacha nyuma vinateremka mashariki, vinaingia Nyabarongo, vinafika kwenye lile daraja la Rusumo na kwenda zao Misri. Vya mbele vinateremka magharibi, vinakwenda Kongo na Bahari ya Atlantiki. Mvua moja ikinyesha juu ya ukingo huu, matone yake yanaachana moja kwa moja. Nilimwonyesha mama kijito chembamba kinachopita chini ya barabara, upana wake kama kitenge kilichokunjwa.

"Hiki nacho kinakwenda wapi?"

"Hiki kinashuka Rusizi, mama. Na Rusizi unaingia Tanganyika."

"Kwetu?"

"Kwetu."

Aligeuka akakitazama kijito kile mpaka kona ikakificha.

Mjomba tulimkuta amekaa nje ya nyumba, fimbo mapajani. Nilipompa shikamoo akajibu, "Marahaba mjomba, umekuwa mtu mzima." Yeye na mama hawakusema kitu kwa muda. Walishikana mikono tu, mama akiwa amepiga goti, na mimi nikajishughulisha na mizigo.

Kesho yake alitupeleka kuona mahali Rusizi unapotoka Ziwa Kivu. Ng'ambo ni Bukavu, Kongo, nyumba zimepanda kilima moja juu ya nyingine. Kivu liko juu mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari, Tanganyika liko kama mita 770. Katika mwendo wa kilomita 117 hivi mto huu unashuka karibu mita mia saba, ndiyo maana unakimbia na kuruka miamba hivyo. Maji yakishafika Tanganyika yanapita mbele ya Kigoma, yanatokea magharibi kwa mto Lukuga na kuingia Kongo.

Jioni mke wa mjomba alituletea sinia ya sambaza waliokaangwa na ndizi. Mama akachukua mmoja, akamtazama kwenye mwanga wa taa, akamtafuna. "Kaka, hawa ni dagaa wa kwetu." Mjomba akacheka akasema ndiyo, ni wa kwetu kweli. Samaki huyu hakuwamo Kivu, na peke yake asingeweza kuyapanda maporomoko ya Rusizi. Alichukuliwa Tanganyika akapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wanatoka usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa mbele, wakiimba. Tuliwasikia usiku ule tukiwa tumelala. Mama hakulala. Alikaa dirishani akiwasikiliza.

Siku ya kurudi nilifanya kosa langu. Tulilala Kirehe, upande wa Rwanda, nikiwa nimeshakata tiketi ya basi la kutoka Rusumo upande wa Tanzania, saa mbili asubuhi. Tuliondoka nyumba ya wageni saa kumi na mbili. Tukafika mpakani, tukagongewa mihuri, tukavuka, na simu yangu ikasema saa moja na dakika kumi. Nikamnunulia mama chai nikijua tuna dakika hamsini. Mama akanyoosha mkono wenye saa bila kusema neno. Mshale mfupi ulikuwa umeshapita nane: saa mbili na dakika kumi. Basi lilikuwa limeondoka kwa wakati wake. Simu niliyoirekebisha kwa mkono siku ya kwenda nilikuwa sijairudisha.

Nilisikia uchungu, hasa kumwona mtu mzima amekaa juu ya begi kwenye vumbi kwa ajili yangu. Tulipata haiesi mpaka Benaco, na pale tukangoja basi jingine hadi adhuhuri. Tangu siku hiyo, kabla ya kuvuka mpaka wowote naandika kwenye daftari saa ya gari pamoja na jina la nchi yenye saa hiyo, kisha nampigia wakala nimuulize: kwako sasa hivi ni saa ngapi?

Siku hizi mama humpigia kaka yake kila Ijumaa baada ya swala ya isha. Mimi ndiye ninayemtafutia namba. Ananinyooshea simu, anatazama saa yake ya mkononi, anahesabu kwa kidole. "Kwake sasa ndio anatoka magharibi," anasema. "Ngoja kwanza ale."