Jinsi tulivyovuta biashara hadi mtaani kwetu Kitengela

Ukifika kwenye steji yetu saa kumi na moja alfajiri utadhani mji mzima unahama. Wengine wanapanda matatu za Nairobi, kama kilomita thelathini kutoka hapa. Wengine hawaendi mbali, wanashukia Athi River kwenye viwanda vya EPZ, eneo maalumu la kutengeneza bidhaa za kuuza nje ya nchi. Jioni wanarudi na vifurushi vya supamaketi za mjini, na pesa waliyoitolea jasho imeshabaki hukohuko.

Niliyaona hayo miaka mingi bila kuyatia maanani, mpaka matokeo ya sensa yalipotangazwa. Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009. Mwaka 2019 walihesabiwa 1,117,840, na Kitengela peke yake ilipita 150,000. Wakati huo, mtaani kwetu, mtoto akipandwa na homa usiku ilikubidi uchukue bodaboda kwenda kutafuta dawa. Mfuko wa simiti ulifuatwa barabara kuu na kurudishwa kwa mkokoteni. Iliniuma. Mji umejaa watu wenye mishahara, na bado tunaishi kama tuliokuja kulala tu.

Kuna jambo la mpaka ambalo mgeni halijui. Maeneo ya EPZ yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, na kampuni inayoingia humo husamehewa kodi ya mapato kwa miaka kumi ya kwanza. Lakini Athi River iko Kaunti ya Machakos, nasi tuko Kajiado. Kiwanda kiko ng'ambo ile. Nyumba za wafanyakazi, watoto wao, taka zao na foleni ya mitungi ya maji viko kwetu.

Wenye ploti waliponichagua kuwa mwenyekiti wao, nilianza vibaya. Niliandikia kampuni kadhaa barua ndefu za kusifu Kitengela, nikaahidi kwamba tutawaombea kaunti iwapunguzie kodi. Hakuna aliyejibu, na sasa naelewa kwa nini. Kodi ya mapato ni ya Serikali ya Kitaifa. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti kodi ya ardhi, kodi ya burudani na ada za huduma inazotoa. Nilikuwa naahidi kitu ambacho kaunti yenyewe haina. Ilicho nacho kaunti ni barabara za mitaani, mpango wa matumizi ya ardhi, leseni, masoko, na sehemu kubwa ya kazi ya maji. Kama unataka mfanyabiashara aje, shughulika na hayo.

Aliyenifungua macho ni kijana aliyetumwa na supamaketi moja kuangalia maeneo. Tulitembea naye nusu saa nikimwonyesha maghorofa mapya. Akasimama, akaniuliza kwa adabu: "Mama, kwa siku wanapita hapa watu wangapi? Maji mnapata wapi? Maji taka yanakwenda wapi? Na hii ploti, hati iko kwa nani?" Sikuwa na jibu hata moja. Akanishukuru, akaenda zake.

Wiki iliyofuata tulianza kuhesabu. Vijana sita wa mtaa, wawili wawili, walikaa njia panda tangu alfajiri hadi saa nne usiku. Tulichagua siku tatu: Jumanne ya katikati ya mwezi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na Jumamosi moja. Baadaye tukapita nyumba kwa nyumba na swali moja tu: unanunua nini nje ya mtaa, na kwa nini?

Majibu yalinishangaza. Nilidhani watasema bei. Wengi walisema saa. Wakirudi, duka la hapa limeshafungwa, kwa hiyo unga na mafuta wananunua Nairobi kabla ya kupanda gari. Tuliona pia kwamba kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni njia yetu ni kimya kabisa, halafu kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku haipitiki. Mwenye biashara akijua hilo anapanga wafanyakazi wake, taa zake na mlinzi wake. Asipojua, atafungua saa mbili asubuhi, atafunga saa kumi na mbili, na ataondoka akisema Kitengela hakuna wateja.

Maji hatukuyapamba. Bomba la Nolturesh linatoka chini ya Kilimanjaro na linagawia miji mingi maji kabla ya kutufikia, kwa hiyo kwetu maji huja kwa zamu. Kisima chetu kina kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, lakini maji yake yana chumvi. Tuliyapeleka maabara tukayaweka matokeo kwenye faili, chumvi na yote. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba nitawafukuza wageni. Mwenye kiwanda cha mikate aliyasoma, akapiga hesabu ya mtambo wa kuchuja, akaiweka kwenye gharama zake, akabaki. Mpaka leo ninaamini alibaki kwa sababu hakukuta jambo la kumshtua baadaye.

Ardhi ndiyo iliyotutoa jasho. Ploti zetu ni futi hamsini kwa mia, na duka la maana haliingii humo pamoja na maegesho na lori la mizigo. Tulilazimika kuunganisha ploti nne za watu wanne. Mmoja alikuwa na deni la kodi ya ardhi la miaka mingi, na bila cheti cha kutodaiwa maombi yetu yasingesogea. Chama chetu kilimkopesha, kwa maandishi mbele ya wakili, na hapo ikapita miezi. Kisha tukaomba kubadilisha matumizi kutoka makazi hadi biashara, tukasimamisha bango la tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Akajitokeza mzee wa Kimaasai mwenye shamba nyuma yetu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na tangu hapo kila anayenunua anaweka ua. "Sikatai duka, Mama," aliniambia. "Nauliza ng'ombe wangu watapita wapi wakienda kunywa maji." Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nilinunua kipande cha ardhi ambayo babu zake walichungia. Tulikaa naye vikao vitatu, tukakubaliana kuacha ukanda wazi upande mmoja wa ploti. Mpima ardhi akauchora kwenye ramani, na mzee akaondoa pingamizi lake.

Barabara ilibaki. Udongo wetu mweusi ukinyeshewa hunata hata lori tupu halitoki. Kila mwaka tulikuwa tunakwenda kulalamika mwezi wa Mei, na kila mwaka tulichelewa. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaotangulia bajeti hiyo hufikishwa huko kufikia Septemba 1. Barabara isiyotajwa huko mapema ni vigumu kuipachika mwishoni. Tulipojua hivyo tulikwenda mwezi wa Agosti, na daftari zetu za kuhesabu watu, na barua za wafanyabiashara wawili waliosema watajenga njia ikipitika. Mwaka wa fedha uliofuata tulimwagiwa changarawe.

Wa kwanza kufungua alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, kisha duka la dawa linalofungwa saa nne usiku, kisha mikate, mwisho supamaketi ndogo. Si yule kijana wa kwanza, ni kampuni nyingine. Hoteli moja ilifungwa baada ya miezi michache. Mwenyewe aliweka matumaini kwenye chakula cha mchana, na daftari letu lilikuwa limeonyesha mchana hakuna mtu. Nilimwonyesha, lakini sikumsisitizia vya kutosha, na jambo hilo bado linanikera.

Vijana wanaooka mikate sasa hawapandi matatu alfajiri. Wanatembea kwenda kazini.

Kilichobaki ni maji taka. Kila jengo lina tangi lake la chini ya ardhi, na gari la kunyonya huitwa likijaa. Mwekezaji wa nyama ya kuku alikuja mwezi uliopita, akapenda barabara, akapenda hesabu, akauliza swali lilelile la tatu la yule kijana wa supamaketi: maji taka yanakwenda wapi? Tumeanza kupima tangi moja baada ya jingine, kila linajaa baada ya siku ngapi, ili Agosti tuwe na la kupeleka.